Baraza ya Nyumbani: Taa Iwakayo Usiku Kucha



Mwezi uliopita tuliahidi kuandika habari za mahari, na twajua wako wangojao kwa hamu kuona tutasema nini. Na watuvumilie kidogo. Limetujia jambo lisiloweza kungoja, kwa kuwa huu ni mwezi wa Juni, na mtihani wa darasa la saba huja Septemba, na ule wa kidato cha nne huja Novemba. Mahari ipo tangu zamani za babu zetu wala haitatoroka. Bali mtoto aliyebakiwa na miezi mitatu, ukimcheleweshea shauri hata Agosti, umemnyima.

Jambo lenyewe lilikuja kwa miguu hata mlangoni petu. Jumamosi moja, baada ya sala ya jioni, mtu mzima alibisha hodi, fundi wa baiskeli, mikono yake ingali ina grisi. Akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Tukaitika, tukampa kiti, tukamtazama sana, maana uso tuliujua ila jina lilitupotea. Alipocheka tukamkumbuka. Tulimfundisha katika darasa la saba, mwaka 1994.

Tulipokwisha kuulizana habari za watu wa nyumbani, akasema, "Mwalimu, nina swali moja tu. Binti yangu yu darasa la saba mwaka huu. Kila usiku ataka kukesha akisoma, nami nimemnunulia taa ya jua. Je, nimwache akeshe?"

Swali hili kutoka kwa mtu huyu lilituchoma, na yatupasa kueleza sababu, ingawa habari yenyewe haituletei sifa.

Miaka ile tulikuwa wachanga katika kazi, tukifundisha katika shule moja ya bara. Nafasi za sekondari zilikuwa chache mno, hata mtoto aliweza kufaulu mtihani na bado asichaguliwe. Kwa hiyo tuliwatia watoto hofu, tukidhani hofu ni mbolea. Tena tulikuwa na desturi ya kupita kijijini usiku, na kila tulipoona koroboi inawaka dirishani saa za watu kulala, kesho yake tulimsifu mwenye koroboi mbele ya wenzake. Kijana huyu alisifiwa kuliko wote. Baba yake alikuwa amefariki, naye alilelewa na bibi yake, na bibi huyo aliuza mayai ya kuku wake ili mjukuu asikose mafuta ya taa.

Juma la mtihani hakulala usiku tatu. Asubuhi ya karatasi ya Hisabati aliandika namba yake, akajibu maswali machache, kisha kichwa kikamwangukia mkononi. Msimamizi akamwamsha, akaandika kidogo, akasinzia tena. Baadaye alituambia kwamba maswali hayakuwa mageni. Aliyaona kama mtu awaonavyo watu wa kijiji chake kwa mbali katika ukungu: ajua kwamba awajua, lakini hawezi kuwaita majina.

Majina ya waliochaguliwa yalipobandikwa ukutani, lake halikuwamo. Jioni yake bibi akaja kwetu. Hakuja kulaumu, na laiti angalilaumu. Aliketi mkekani, akauliza kwa upole, "Mwalimu, taa yetu ilikuwa na kosa gani?" Hatukuwa na jibu. Tulimwambia maneno ya mapenzi ya Mungu, naye akaitikia, akaenda zake. Twaona haya mpaka leo, maana tulimtwika Mungu mzigo uliokuwa wetu.

Basi sasa jibu tunalo. Limemchelewea bibi yule, lakini kwa binti wa mjukuu wake aliyebakiwa na miezi mitatu halijachelewa, wala kwa watoto wenu.

Kwanza fahamuni kwamba kusahau si uvivu wala si laana. Ni desturi ya akili ya kila mtu. Palikuwa na Mjerumani mmoja, jina lake Hermann Ebbinghaus, aliyejitungia silabi zisizo na maana yo yote, akajifunza orodha zake kwa moyo, kisha akajipima mwenyewe baada ya saa moja, baada ya siku, baada ya mwezi. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1885 alionyesha kwamba baada ya saa moja tu zaidi ya nusu ya kazi yake ilikuwa imepotea. Baada ya siku moja kama theluthi mbili. Na baada ya siku 31 karibu sehemu nne katika tano. Ndivyo maji yavujavyo katika mtungi wenye ufa. Lakini mtu yule aliona na jambo la pili, nalo ndilo lenye faida kwetu. Orodha aliyoirudia mara 38, akizigawa mara hizo kwa siku tatu, ilimkaa sawasawa na ile aliyoirudia mara 68 katika siku moja. Tazameni hesabu hiyo: kazi imepungua karibu nusu, na mavuno ni yale yale.

Msomaji atasema kwamba huyo alijipima peke yake, tena kwa maneno ya upuuzi. Ni neno la haki. Walakini wengi waliomfuata wamelijaribu jambo hili la kugawa kazi kwa siku mbalimbali, kwa watoto na kwa wakubwa, na kwa masomo yenye maana, wakaona ni vivyo hivyo. Nanyi mlimao hamhitaji Mjerumani wa kuwafundisha. Ni nani kwenu aumwagiaye mche wa kahawa madebe kumi siku moja, akaenda zake hata mwisho wa kiangazi? Maji hayo hupita mizizi yakaenda zake. Kopo moja kila jioni lingaliutosha.

Hivi ndivyo alivyofanya kijana wetu, nasi tukampigia makofi: alimwaga madebe yake yote juma la mwisho.

Jambo la pili ni namna ya kusoma, na hapa twaomba ruhusa ya kukaa kidogo, kwa kuwa ndipo watoto wengi wanapopotea huku wakijitahidi kweli kweli. Mtoto afungua daftari, asoma ukurasa, arudia tena, arudia mara ya tatu, na kila mara ukurasa wazidi kuwa mwepesi machoni. Basi husema moyoni, "Hili nalijua." Hajui! Alijualo ni sura ya ukurasa. Mfungie daftari umwulize, utamwona anatazama dari.

Sasa kumbukeni ninyi wazee jinsi mlivyofundishwa katekisimu kabla ya ubatizo. Je, katekista aliwapa kitabu mkakisome mara kumi kimya kimya? Hasha. Alisimama mbele yenu, kitabu ki mkononi mwake wala si mwenu, akauliza swali, akangoja. Mliposhindwa aliwaambia jibu, na kesho yake akauliza tena swali lile lile, na Jumapili tena. Wako wakatekumeni ambao hawakujua kusoma hata herufi moja, nao leo, wakiwa wakongwe wasiokumbuka walichokula asubuhi, waulizeni swali la kwanza, watajibu. Katekista hakuwa na elimu ya vyuo vikuu, lakini alikuwa na siri: kitu hukaa moyoni kwa kutolewa moyoni. Kila mara akili inapolazimika kulitafuta neno lenyewe bila kuonyeshwa, njia ya kulifikia neno hilo hupanuka, kama njia ya kisimani ipanukavyo kwa kupitwa.

Na wataalamu wamekuja kuishuhudia siri hii. Huko Marekani, mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walitoa habari za wanafunzi waliopewa habari fupi za kusoma. Kundi moja waliisoma habari yao mara nne. Kundi jingine waliisoma mara moja tu, kisha mara tatu wakajaribu kuiandika yote waliyoikumbuka, bila kuitazama. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma mara nne walishinda: walikumbuka sehemu 83 katika mia, na wenzao 71. Lakini walipopimwa baada ya juma moja mambo yaligeuka: waliosoma mara nne walibakiwa na 40 katika mia, na wale waliojiuliza wakabakiwa na 61. Mzazi, liangalie jambo hili vema. Dakika tano baada ya kusoma, njia mbovu huonekana kuwa njia njema. Ndiyo sababu mtoto huipenda, na ndiyo sababu hatuwezi kumwachia achague peke yake.

Fundi wetu aliposikia haya alikunja uso, akasema, "Mwalimu, nani atakayemwuliza? Mimi niliishia darasa la saba, na vitabu vya siku hizi sivijui." Tukamwambia kwamba kutojua kwake ndiyo mali atakayompa mwanawe. Mtoto na amfundishe baba. Huku fundi akiziba pancha, binti na aketi kigodani, daftari limefungwa, amweleze kazi ya figo, au sababu za Vita vya Majimaji, au jinsi ya kupata eneo la duara. Baba asipoelewa na aulize, "Kwa nini?" na, "Ulijuaje?" Pale binti atakapokwama, ndipo penye kazi ya kesho. Afungue daftari hapo tu, atazame, afunge, aeleze tena. Nusu saa ya namna hii yashinda saa tatu za kutazama kurasa. Kisha jambo lile la Jumatatu aulizwe Jumanne, aulizwe Jumamosi, aulizwe tena mwezi ukiandama. Mama aweza kufanya hivyo akipepeta mchele, na bibi aweza, hata kama hakuingia shule maishani mwake.

Walimu, nanyi tuna neno nanyi. Mwanzo wa kila kipindi ulizeni maswali matatu ya juma lililopita kabla ya kuandika lo lote ubaoni, nao watoto wajibu kwa kuandika, vitabu vimefungwa. Msiyatie alama za kuogofya. Jaribio dogo la kila siku ni rafiki wa mtoto. Jaribio moja kubwa la mwisho, lenye fimbo mkononi, ni adui yake. Tena mwoneni mtoto aliye kimya kuliko mwenye kunyosha mkono daima, maana huyu wa pili ameshajiuliza.

Sasa kuna neno la nyumbani ambalo baadhi ya akina baba hawatalipenda. Tumepita nyumba nyingi za Wakristo, na jioni tumeona kijana wa kiume ameketi na kitabu, na dada yake wa darasa lile lile yuko kisimani. Arudipo apika, alishapo wadogo aosha vyombo, na vyombo vikiisha ni saa nne ya usiku. Kisha mtihani ukija wote wawili wapewa karatasi moja, saa zile zile, na matokeo yakitoka baba asema, "Wasichana hawana kichwa." Ndugu yetu, ulimpa saa gani ya kukitumia? Hatusemi binti asifanye kazi. Kazi ni heshima. Twasema kwamba tangu sasa hata Septemba ndoo ya maji yaweza kubebwa na bega la mvulana, wala bega halitavunjika. Tena sasa ni siku za kuvuna. Mkiwahitaji watoto shambani Jumamosi, haya, lakini msiwazuie nyumbani siku za shule wafukuze ndege, kisha mkawalaumu kwa mlango wa somo walioukosa.

Kwa habari za kidato cha nne, shida ina jina lake, nayo ni lugha. Mtoto hujifunza miaka yote ya shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha hufika sekondari na masomo yote, isipokuwa Kiswahili chenyewe na baadhi ya mengine machache, hugeuka Kiingereza. Asipoelewa afanyeje? Hukariri. Huyaweka maneno ya mwalimu kichwani kama mizigo ya mtu mwingine iliyofungwa kamba, asiyojua ndani yake mna nini. Swali likiulizwa kwa maneno mengine kidogo, mzigo haufunguki. Tumewahi kusahihisha majibu ya mtoto aliyeandika kurasa mbili safi, bila kosa hata la nukta, za jibu la swali ambalo halikuulizwa. Tulihuzunika kuliko tulivyohuzunika kwa aliyeacha ukurasa mtupu, maana huyu alikuwa amefanya kazi.

Shauri letu ni hili. Mtoto aanze kwa kulieleza jambo kwa Kiswahili, au hata kwa lugha ya mama yake, mpaka msikilizaji aseme, "Sasa nimeona." Hapo maana ni mali yake. Ndipo achukue karatasi na kuliandika kwa Kiingereza, vitabu vimefungwa, kwa sentensi fupi zake mwenyewe, kisha alinganishe na kitabu na kusahihisha. Awe na kijidaftari cha maneno ya kila somo, na juu ya yote ayajue maneno yale ya kuagiza yaanzayo maswali: taja, eleza, linganisha, tofautisha, thibitisha. Aliyeambiwa ataje akaeleza, amepoteza wakati. Aliyeambiwa aeleze akataja, amepoteza alama.

Hisabati nayo haisomwi kama gazeti. Kwa miaka mingi watahiniwa walio wengi wa kidato cha nne wameanguka katika somo hilo, na kwa maoni yetu sababu moja ni kwamba wengi huyatazama maswali yaliyokwisha kufanywa, wakitikisa kichwa kwa kukubali. Kutikisa kichwa hakuandiki jibu. Funika jibu kwa kiganja, fanya mwenyewe, kosea, tafuta kosa. Wala usifanye maswali ishirini ya aina moja mfululizo mpaka mkono ufanye bila kichwa, bali changanya, maana mtihani nao huchanganya, na nusu ya kazi ni kutambua ni njia ipi itakiwayo.

Karatasi za miaka iliyopita zatafutwe mapema. Zamani hapakuwa na urahisi huo: karatasi za sekondari zilitoka Cambridge, Uingereza, mwaka 1967 likaanzishwa Baraza la Mitihani la Afrika ya Mashariki, Tanzania ikajitoa mwaka 1971, na Baraza letu wenyewe likaundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Siku hizi Baraza hilo huweka karatasi za zamani katika tovuti yake, na mwenye simu katika jamaa aweza kuzipata. Lakini msimpe mtoto karatasi pamoja na majibu yake ili azisome! Mpeni karatasi, kalamu na saa. Karatasi ya saa 3 yenye alama 100 yampa mtoto chini ya dakika 2 kwa kila alama. Asiyewahi kuonja upesi huo nyumbani ataustaajabia katika chumba cha mtihani. Na simu hiyo ikishafanya kazi yake, irudi kwa mama ilale huko.

Tumerudi sasa kwenye taa. Mwaka 1924, huko Marekani, John Jenkins na Karl Dallenbach walitoa habari za vijana wawili waliojifunza silabi kwa moyo, mara nyingine kabla ya kulala na mara nyingine asubuhi, wakaulizwa baada ya saa kadha wa kadha. Waliyojifunza kabla ya usingizi yalisalia mengi kuliko waliyojifunza kabla ya shughuli za mchana. Na uchunguzi mwingi wa miaka iliyofuata umeonyesha kwamba mtu alalapo ubongo wake haukai bure. Huyapanga na kuyakaza yale aliyojifunza. Basi mtoto akeshaye huvuna asubuhi, na usiku akalikataa ghala. Mtoto wa darasa la saba ahitaji kama saa tisa za usingizi, na wa sekondari si chini ya nane. Aketipo kusoma baada ya chakula cha jioni, saa tatu ya usiku na azime. Mwenye kitu cha kumalizia na aamke alfajiri jogoo wa kwanza awikapo, akiwa amelala. Na usiku wa kuamkia mtihani hauna kazi tena ila kuchonga penseli, kuweka tayari namba ya mtahiniwa, kusali na jamaa, na kulala.

Twasema kusali, na hapo kuna neno lenye uchungu kidogo. Tumesikia kwamba katika nyumba za Wakristo, mtihani ukaribiapo, hirizi huingia kwa mlango wa nyuma, mara nyingi kwa mkono wa shangazi au bibi mwenye nia njema. Wengine, waliokwisha kuona haya kwa hirizi, hununua kalamu iliyoombewa au mafuta ya kupaka kipaji cha uso, wakidhani hicho ni kitu kingine. Kwetu sisi ni hirizi ile ile iliyobadili kanzu. Mungu wetu hauzi majibu ya Hisabati. Wanawali wale watano katika mfano wa Bwana hawakuingia kwa sababu waliomba mafuta usiku wa manane. Walioingia waliyachukua mapema. Tumwombee mtoto utulivu, na afya, na ukweli, na hayo hupewa. Kuhusu wenye kuuza karatasi zinazosemwa ni za mtihani wenyewe, mara nyingi ni za uongo, na mara chache zilipokuwa za kweli watoto wamefutiwa matokeo, waliolipa na wasiolipa. Baba atoaye fedha kwa ajili hiyo amemfundisha mwanawe somo moja ambalo hatalisahau, wala halihitaji kurudiwa.

Asubuhi ya mtihani mpeni uji mzito, msimpe hotuba. Maneno kama "ukianguka usirudi hapa" twayasikia mpaka kwa wazee wa kanisa, nayo ni mabaya. Mtoto mwenye hofu hukosa hata alilolijua. Aingie, asome karatasi yote kwanza, aanze na analolijua, ayaache magumu ayarudie. Akitoka, msimwulize moja moja alilojibu. Karatasi ile imekwenda, na kesho kuna nyingine.

Na akianguka? Wakati ule wa mwaka 1994 mlango ulikuwa mmoja nao mwembamba. Tangu mpango wa mwaka 2004 shule za kata zimejengwa, na tangu mwaka 2016 ada imeondolewa hata kidato cha nne katika shule za serikali. Aliyeanguka kidato cha nne aweza kurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, au kwenda chuo cha ufundi stadi. Fundi wetu hakwenda cho chote katika hivyo, na mbele yetu alisema bila uchungu kwamba baiskeli zimemlisha. Lakini akaongeza, "Nilitaka kuwa tabibu, Mwalimu." Tukamwambia juu ya taa lile tulilopaswa kumwambia bibi yake, kwamba kosa halikuwa la taa wala la mwenye taa, lilikuwa letu. Akanyamaza, kisha akasema kwamba bibi alikufa akidhani ni mafuta, kwamba mwenye duka alimchanganyia maji.

Juma lililopita tulipita karangani kwake kujazwa upepo. Binti alikuwa ameketi juu ya mpira wa gari, daftari li magotini limefungwa, anamweleza baba yake njia ya damu moyoni, na baba amemkatiza mara mbili, "Hapo rudia, sijaelewa." Tulimwuliza mtoto alala saa ngapi. Akasema saa tatu, naye mama sasa ndiye aitumiaye ile taa ya jua, kuchambulia maharagwe.

Habari za mahari, Mungu akitujalia uzima, mwezi ujao.